Mstari wa Kumi na Nne

Mheshimiwa Lévi Ngosa aliufaidi uenyekiti wake mpya kwa siku moja tu. Siku ya pili, saa nne asubuhi, walimkuta amelalia meza, kikombe kimeanguka, chai imelowesha zulia. Povu lilikuwa limemkaukia mdomoni.

Inspekta Benita Ngalula alivaa glavu, akaizunguka ofisi polepole. Ilikuwa ofisi ya mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya bunge la jimbo. Kitasa kilikuwa kipya, kiti bado kimefunikwa nailoni, na mlangoni palikuwa na alama za mafuta ya upako.

"Kiti cha zamani kiko wapi?"

"Alikitoa jana," alijibu Osée, msaidizi wa Ngalula, aliyekwisha kuwahoji wafanyakazi. "Akaleta na pasta aombee mpaka droo. Aliogopa fetishi za Édouard."

Mheshimiwa Édouard Chola ndiye aliyeiongoza kamati hiyo miaka mitano, akaangushwa wiki iliyopita kwa kura mbili. Ndiyo siasa hiyo: uchaguzi ukiisha wananchi wanarudi sokoni, wakubwa wanabaki kugombania kamati. Sasa vijana wa Lévi kutoka Kenya, komine ya hapahapa mjini, walikuwa getini na madumu ya petroli, wanaapa kuichoma nyumba ya Édouard kabla ya jua kuzama. Kamanda alishapiga simu mara mbili. Alitaka Édouard atiwe pingu, yaishe.

Ngalula akamwita Édouard.

"Ulimchukia Lévi?"

"Sana. Sitakudanganya, Mama Inspekta. Lakini kitu ya mukono yangu asingekunywa hata maji. Jana kwenye remise-reprise nilimupatia mukono, akatoa mushwari mu mufuko, akajipanguza vidole."

Mtu aliyeogopa kiti alikunywa chai. Chai ya nani?

Aliomba hati ya makabidhiano, ile remise-reprise yenyewe, ambayo anayetoka na anayeingia hupitia kila kitu cha ofisi mstari kwa mstari kisha wakatia sahihi. Funguo, muhuri, viti, vikombe sita vyeupe, mafaili. Mstari wa kumi na nne ulikuwa umefutwa kwa rula, na pembeni wote wawili wameweka vifupisho vya majina yao.

"Hapa paliandikwa nini?"

Édouard akatazama dirishani. "Ripoti ya maji ya komine ya Annexe. Mugodi mumoja ulimwanga asidi mu kijito. Mimi nilitaka kupinga kura yake, yeye akanibembeleza niache. Nikamwambia, futa ile mustari, na mimi naacha."

"Akafuta?"

"Mara moja."

"Hati aliipiga chapa nani?"

"Mama Perpétue, sekretere."

Ngalula alirudi kukitazama kikombe kilichoanguka. Hakikuwa cheupe. Kilikuwa na maua ya buluu, na kwenye orodha hakimo. Saa saba mtaalamu wa maabara alipiga simu: dawa ya panya, nyingi, ndani ya chai.

Perpétue Lombe alikuwa ameketi kwenye chumba chake cha kazi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake hospitalini.

"Kikombe hiki cha nani, mama?"

"Ya kwangu."

"Kwa nini Lévi akinywee?"

"Vikombe ya biro, ya ofisi, alikataa, alisema Édouard alizishika. Miye alinitumainia."

"Sumu aliweka nani?"

"Ni miye."

Sauti haikutetemeka hata kidogo.

"Nieleze."

"Nilikuwa na mutoto, Chancelvie, miaka tisa. Alikunywa maji ya kile kijito. Ripoti niliipiga na hivi vidole, jina yake iko kwenye ukurasa wa saba. Édouard akaifungia mu droo miaka tano."

"Kwa nini basi usimuue Édouard?"

"Édouard alikuwa adui, nilimujua. Lévi alikuja mu kampeni, akapiga magoti kwenye kaburi ya mutoto wangu. Akaapa ripoti itasomwa mbele ya bunge siku ya kwanza. Nikamuombea kura mu Annexe yote, nyumba kwa nyumba. Ku kura ya kamati, badeputé wa bunge niliwafwata mumoja mumoja, nikiwalilia. Zile kura mbili, mama, ni miye nilizileta. Jana akashika rula, akamufuta mutoto wangu. Mbele yangu. Kisha akaniomba chai."

"Na ukampa."

"Jana nilimupatia ya sukari. Leo nilimupatia yake. Alibadilisha kiti, akabadilisha kitasa. Mwenye kumumiminia chai hakumubadilisha."

"Unajuta?"

"Ningemumiminia tena."

Nje, Osée aliwatangazia vijana kuwa muuaji si Édouard, wakabaki wanatazamana na madumu yao. Édouard aliondoka bila kumuaga mtu.

Mama Perpétue akafungua mkoba, akatoa karatasi nene zilizobanwa kwa klipu.

"Walifuta mustari tu. Hii nilibaki nayo. Mama Inspekta, ku tribinali, vitu vya ushahidi banasomaka kwa sauti?"

"Kwa sauti. Mbele ya watu wote."

"Basi andika muzuri."

Kamanda alikuwa anapiga simu kwa mara ya tatu. Ngalula aliiacha iite. Alivuta fomu ya vielelezo, na kwenye mstari wa kwanza, kabla ya kikombe, akaandika: Ripoti ya maji ya Annexe. Kisha akaigeuza fomu, na Mama Perpétue akatia sahihi.