Glasi ya Dirishani

Maji ya zabibu aliyoletewa mjane yalinuka grisi.

Aliisogeza glasi puani mara ya pili ili ahakikishe. Ilikuwa grisi, na nyuma ya grisi, sabuni ya kipande, ile ya kufulia. Akairudisha mezani taratibu. Mumewe alikuwa fundi wa pampu za visima, na kwa miaka kumi na tisa alirudi nyumbani na harufu hiyohiyo, maana grisi haikubali kutoka vidoleni hata usugue vipi. Alikuwa amezikwa miezi mitano iliyopita.

"Dada, huyapendi?" aliuliza mdogo wake.

"Nayapenda. Nasubiri yapoe kidogo."

"Yametoka kwenye barafu, shemeji," alisema mume wa mdogo wake. "Yakipoa zaidi ya hapo tutayatafuna."

Walikuwa watatu, wamekaa barazani kwenye shamba la mizabibu katikati ya jangwa. Mashamba ya namna hiyo yanapokea wageni: unakaa kivulini, unaletewa mvinyo wa aina tatu au nne, unaonja, unatazama milima, unarudi kwenu. Mizabibu ilisimama kwa safu, kijani kibichi, na pale mpira wa maji ulipoishia, kijani kiliishia papo hapo kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi. Baada ya hapo ulikuwa mchanga mtupu. Hatua thelathini mbele ya baraza kulikuwa na kisima, kimefunikwa kwa bati zito.

Mdogo wake, ambaye alikuwa muuguzi, ndiye aliyepanga matembezi hayo. "Toka nje kidogo, dada," alimwambia. "Umekaa na cherehani mpaka mnafanana." Mume wa muuguzi alikuwa mtu wa glasi zake na hakujificha, kwa hiyo alikubali kabla hajaulizwa. Muuguzi mwenyewe ndiye angeendesha gari, naye hakunywa.

Mjane alikubali kwa sababu moja ambayo hakuisema. Hapa ndipo mumewe alipofanya kazi yake ya mwisho. Alikuja kutengeneza pampu, akakaa siku mbili, akarudi nyumbani na kiu. Alikunywa jagi, akanywa ndoo. Hospitali walimpima sukari, wakampima figo, hawakuona kitu. Midomo yake ilipasuka kama tope lililokauka. Na hata hivyo, hakuna tone lililopita midomo hiyo kabla hajasema Bismillahi, tena kwa sauti, hata ulimi ulipokuwa mzito kiasi cha kumtia mtu uchungu kumsikiliza.

Siku ya saba alimwita mkewe. "Sindano," alisema, "maji." Ni yeye tu aliyemwita hivyo, kwa sababu ya ushonaji wake, na hakulitumia jina hilo ila mlango ukiwa umefungwa. Ndugu hawakulijua. Mkewe aliinuka akaenda bombani. Bomba la nyumba ile lilitoa maji polepole. Aliporudi na glasi imejaa, mtu alikuwa ameshakwenda.

Hakumwambia yeyote. Lakini tangu siku ile, kila alipokaa na kila aliposimama kusali, alijiona bado ameishika glasi ile.

Mhudumu alikuja na chupa ya kwanza ya mvinyo. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa makamo, mwenye aproni ya buluu. Kabla hajammiminia mtu, alitia kidogo kwenye glasi ndogo, akaenda kuiweka kwenye ukingo wa dirisha lililotazamana na kisima.

"Na hiyo ya nani?" aliuliza shemeji.

"Hiyo si ya mtu. Tafadhali, baba, usiiguse."

"Si ya mtu? Basi nzi wa hapa wana bahati."

Alicheka peke yake. Mhudumu akaendelea na kazi, akawaeleza kama alivyowaeleza wageni wote, kwamba huanzi na mdomo, unaanza na pua; unanusa, kisha unasema unasikia harufu gani.

Shemeji alizamisha pua yake yote. "Nasikia kiatu kipya."

"Wewe kila kitu kiatu," alisema mkewe. "Hata mchuzi wangu ulisema kiatu."

"Mchuzi wako nilisema kiatu cha zamani."

Mjane alitabasamu kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi, na mdogo wake aliona, akamfinya mumewe goti chini ya meza kwa shukrani.

"Na wewe, mama?" mhudumu alimuuliza mjane. "Hayo maji ya zabibu, unasikia nini?"

"Grisi," alisema mjane.

Shingo ya chupa iligonga glasi. Mhudumu hakuufuta mvinyo uliomwagika. "Grisi ya nini, mama?"

"Ya pampu. Mume wangu alikuwa fundi. Alikuja hapa."

Mhudumu alitazama kisima, akatazama dirisha, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Njoo nikuonyeshe mapipa, mama. Ndani kuna ubaridi."

Ghalani kulikuwa na giza hafifu na harufu ya mbao zilizolowa. Mapipa yalilala kwa safu mbili. Mhudumu alifunga mlango, akasimama ameuegemea kwa mgongo.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza. "Fundi."

"Alifariki."

"Kwa kiu?"

Mjane aliitikia kwa kichwa. Mhudumu akafunika uso wake kwa aproni, na alipozungumza alinong'ona, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

"Haya maji si yetu, mama. Walichimba mwaka mzima wakapata mchanga. Yalipotoka, yalitoka na mwenyewe, asiye binadamu. Tangu hapo glasi ya kwanza ya kila siku inawekwa dirishani, ni yake, haiguswi na mtu. Zamani tuliweka maji matupu. Siku ile fundi alitoka kisimani saa saba mchana, jua la utosini, akaikuta glasi ya maji pale. Akainywa kwa mkupuo mmoja. Hata jina la Mungu hakuwahi kulitaja, kwa kiu aliyokuwa nayo."

"Ulimwona?"

"Nilikuwa nimeshika trei. Nilimwona."

"Na hukusema."

"Nilijiambia labda ni maneno ya watu wa zamani. Tena mwajiri hataki tuwatishe wageni. Baadaye ndipo tulipoanza kuweka mvinyo, ili mwenye kiu asikosee tena." Alishusha aproni. "Nisamehe, mama."

Mjane alisimama akiushika ukingo wa pipa. Sasa alielewa kwa nini mumewe, kitandani, hakukubali tone moja lipite bila Bismillahi. Alikuwa anailipia ile glasi moja.

"Nataka kupaona alipofanyia kazi," alisema.

"Usiende, mama."

Lakini alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma.

Jua la alasiri lilikuwa kali na mchanga ulikuwa mweupe. Hapakuwa na upepo, wala ndege. Kwenye bati la kisima kulikuwa na tundu, upana wa sahani, bomba kubwa lilipopita, na pembeni palikuwa na bomba dogo la maji lenye kikombe cha bati kilichofungwa kwa mnyororo. Aliinama akaona alama za vidole kwenye bati, nyeusi, za grisi. Zilikuwa mbichi. Akafuta moja kwa kidole chake, nayo ikafutika.

"Sindano."

Haikuwa sauti kubwa. Ilitoka kwenye tundu, imekauka, yenye ule mkwaruzo wa siku ya saba.

"Sindano, maji."

Kabla hajajua anafanya nini mkono wake ulikuwa umeshafungua bomba dogo, nalo likatoa maji polepole, polepole vilevile kama bomba la nyumbani, na kikombe kikawa kinajaa huku yeye analia na kusema nakuja, nakuja, usiende, safari hii nimekwisha kufika, na harufu ya grisi na sabuni ilipanda kutoka kule chini ikamzunguka shingoni kama mkono wa mtu anayerudi kazini amechoka, na kwenye giza la lile tundu akaona vidole vinapanda, virefu, vyeusi kuchani, vidole anavyovijua, vikajikunjua wazi kusubiri kikombe, na moyo wake wote ulitaka jambo moja tu duniani, kuweka kikombe kile katika mkono ule, basi, ili aweze tena kulala usiku.

Mnyororo ulifika mwisho. Kikombe kilisimama shubiri moja kutoka kwenye vidole, na ilibidi akivute kwa nguvu. Katika kile kituo kidogo alisubiri neno. Hakujua kwamba analisubiri. Siku saba alimnywesha mtu yule, na kila mara alikishikilia kikombe hewani mpaka neno litoke, hadi mkono wake ukawa umezoea kusubiri wenyewe.

Neno halikuja.

"Sema Bismillahi," alisema mjane, "nikupe."

Akakirudisha kikombe nyuma kidogo.

"Baba," alisema, "sema kama tulivyokuwa tunasema. Nitakupa kisima kizima."

Vidole vilikaa vile vile, wazi. Kisha vikajikunja, kimoja kimoja, kuelekea upande ambao vidole vya binadamu havikunjiki. Harufu ya sabuni ilikatika, ikaja ya maji yaliyolala miaka mingi bila kuona jua. Mjane alianza kusoma kwa sauti, aya moja baada ya nyingine, akirudi nyuma, na kikombe kilianguka kwenye mchanga. Kilikuwa kikavu. Maji hayakumwagika, kikombe kilikuwa kimekauka kama kilichofutwa kwa kitambaa.

Hivyo alimwacha mumewe mara ya pili, na mara hii alijua kwamba hakuwa yeye.

Alipofika barazani mdogo wake alikuwa anatoka maliwatoni, na mhudumu alikuwa amesimama mlangoni bila kusogea. Shemeji alikuwa dirishani. Mkononi alikuwa na glasi ndogo, tupu.

"Ilikuwa inaungua na jua bure, shemeji," alisema, akacheka. "Nzi wameninyima, nimejichukulia."

Waliondoka bila kuaga. Mdogo wake aliendesha. Shemeji alikaa kiti cha mbele, na kwa kilomita za kwanza alifanya mzaha kama kawaida. Kisha akaomba chupa ya maji. Akaimaliza. Akaomba ya pili.

"Taratibu, utatapika," alisema mkewe. "Ndiyo mvinyo huo, unakausha."

"Nina kiu tu."

Mjane, kiti cha nyuma, aliikamata chupa ya tatu kabla haijamfikia. "Shemeji, sema Bismillahi kwanza."

Shemeji alifungua mdomo. Alijaribu. Walimwona kwenye kioo, midomo inakutana kwa herufi ya kwanza na kuachana, inakutana na kuachana, na macho yake, ambayo siku zote yalikuwa ya kucheka, yalijaa woga kama ya mtoto aliyepotea.

"Simamisha gari," alisema mjane.

"Dada, ana nini? Nimpeleke hospitali?"

"Simamisha, mdogo wangu. Kwanza simamisha."

Gari lilisimama kando ya barabara, mchanga pande zote. Mjane alipenyeza mkono katikati ya viti, akauweka juu ya kichwa cha shemeji yake, na kuanza kusoma. Kichwa kilikuwa na joto la jiwe la jangwani. Alisoma, akasikia mdogo wake analia, akaendelea kusoma. Shemeji aliinamisha uso kifuani, akatulia, na kwa kitambo ilionekana kama amelala.

Kisha bila kugeuka, kwa sauti ndogo iliyokauka, akasema:

"Sindano. Maji."

Mdogo wake aliuliza, "Sindano nani?"

Mjane hakuinuka kutafuta maji. Alikaza mkono juu ya kile kichwa, akavuta pumzi, na kuanza tena tangu mwanzo.