Moto wa Nyumba ya Mzazi

Mnacheka. Chekeni tu. Nyinyi mmezaliwa viberiti vipo dukani kwa Badrudin, hamjui kuamka ukakuta jiko limezimika, ukachukua kigae ukaenda kwa jirani kuomba kaa. Sisi tuliombana moto kama mnavyoombana chumvi. Basi sikilizeni, hasa nyinyi wasichana, maana nitasema mara moja. Nikirudia nitalia.

Ilikuwa mwaka ule reli ya Mdachi ilipofika Morogoro mjini. Petro, mume wa dada yangu Regina, alikuwa huko chini anabeba mataruma ya reli, na Regina akajifungua bila yeye, huku kwetu mlimani, nyumbani kwa bibi yetu aliyemzaa mama. Mtoto wa kiume. Mimi ndiye niliyekuwa nawahudumia. Nilikuwa nimetolewa mwali juzijuzi, nimefundwa kila kitu, najiona mtu mzima.

Siku ya nne mtoto akapata joto. Regina akaanza kumfunga nguo juu ya nguo, kwa kuwa alikwisha kuzika mmoja kabla ya huyu. Bibi alikuwa mkunga miaka yote. Akamwekea mtoto mgongo wa mkono shingoni, akamtazama anavyonyonya, akasema ni homa ndogo. Kisha akatugombeza: mmemfunga nguo tano na moto unawaka hapo, hata mimi ningechemka. Akamvua, akamwachia kitambaa kimoja chepesi. Akaagiza anyonyeshwe kila anapotaka, afutwe kwa maji ya vuguvugu, asipewe dawa ya mtu yeyote, na kukicha tumpeleke kwa masista misheni wamwangalie, kwa sababu homa ya mtoto mchanga si ya kuchezea hata ikiwa ndogo.

Jioni Bibi akatoka kwenda kwa mjomba, kuomba watu wa kutusindikiza. Mlangoni akageuka.

"Mosi," aliniita. "Moto usitoke."

Nikamjibu kwamba najua. Nani asiyejua? Nyumba yenye mtoto ambaye kitovu chake hakijaanguka, moto wake hautoki nje. Humpi jirani, humpi hata mama yako mzazi. Na kitovu cha mtoto wetu kilikuwa bado kibichi.

Regina alikuwa amepata usingizi, mara ya kwanza kwa siku mbili. Nikachukua mtungi nikashuka kijitoni kuteka maji ya kumfuta mtoto. Jua lilikuwa linazama. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, nao mnaujua ukungu wa kwetu, haumwachi mtu aone anakokanyaga. Nikainama kuteka.

Nikasikia mtoto anakohoa.

Si upande wa kwetu. Ng'ambo ya kijito. Kikohozi kidogo, kikavu... mara moja... mara mbili. Kisha harufu. Majivu yaliyomwagiwa maji. Nikajitwisha mtungi nikapanda mbio, nusu ya maji yakanimwagikia mgongoni.

Ndani kwema. Nikamgusa mtoto shingoni, joto limepungua. Nawaapia, lilikuwa limepungua. Amelala kifuani pa mama yake, kinywa kimelegea, tone la maziwa mdomoni. Angepona yule. Miaka yote hii ndicho kinachonichoma, kwamba angepona.

"Hodi wenyewe..."

Sauti ya mwanamke, ndogo, ya mtu aliyechoka. Nikasogeza mlango. Amesimama upenuni, wala hakujaribu kuingia. Kijana tu, labda umri wa Regina. Kaniki yake imelowa mpaka inachuruzika, na mvua ilikuwa haijanyesha siku tatu. Mgongoni amebeba mtoto.

"Naomba moto, mdogo wangu," alisema. "Mtoto ana baridi."

Nikamwambia kwa upole kwamba nyumba hii ina mzazi, ajaribu kwa jirani. Akasema nyumba zote amekwisha kwenda. Hakubisha, hakunung'unika. Aligeuka tu, akanionyesha mguu wa mtoto uliotokeza kwenye mbeleko. Nikaugusa.

Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Haya, niambieni nyinyi mnaojua kila kitu, mngefanyaje? Nikajisemea, ndani mna mtoto aliyezidiwa na joto, hapa nje mwenzake hana hata chembe. Kaa moja tu. Bibi hatajua. Nikachukua kigae cha chungu, kile kilichomeguka pembeni, nikatia kaa moja kubwa, nikalifukia kwa majivu lisizimike. Akapokea kwa mikono miwili na kupiga goti, kama mwanamke aliyelelewa vizuri. Kigae kilikuwa kinaunguza. Yeye alikikumbatia kifuani.

Akaingia kwenye ukungu. Na kutoka huko nikasikia mtoto wake analia. Si kikohozi tena. Kilio cha mtoto mwenye nguvu, mwenye njaa, mwenye hasira.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nikarudi kuchochea moto. Makaa yote yalikuwa meusi... Na ile harufu ya majivu mabichi ilikuwa ndani sasa. Nikapapasa kitandani gizani.

Mtoto wetu alikuwa baridi.

Sitawaeleza Regina alivyolia, kwa sababu hakulia. Bibi aliporudi alinusa tu, akanitazama. Nikapiga magoti nikasema yote. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wakati wa vita vya Majimaji watu waliwakimbia askari wa Mdachi, wakalala msituni siku nyingi bila kuwasha moto, moshi usije ukawaonyesha. Wako waliokimbia na watoto wachanga. Wako ambao watoto wao waliganda migongoni, na wenyewe wakakataa kuwashusha.

"Mama aliyekataa hazikiki," alisema Bibi.

Regina alikuwa anasikia. Kukicha alimvika mtoto zile nguo tano, moja juu ya nyingine, akambeba mgongoni. Bibi akamshika mkono. Mjomba akasimama mlangoni kumzuia.

"Ana baridi tu," alisema Regina. "Naenda kumtafutia moto."

Akawapita. Mzazi wa siku tano, mwepesi kama unyasi, na mjomba na nguvu zake zote hakumweza. Walimtafuta siku sita. Walichokuta ni mafiga matatu madogo chini ya mwamba, majivu yake yana vuguvugu, na hakuna unyayo wa mtu. Petro alipopanda kutoka relini kuja kuona mtoto wake, hakukuta mtoto wala mke. Hakuniuliza kitu. Na mimi, mwoga mkubwa, sikumwambia.

Bibi akafa. Mimi nikashuka misheni, nikabatizwa, nikawa Kristina. Jina la Mosi sikulitaja tena kwa mtu, hata mume wangu hakulijua. Mwaka ule Mdachi alipokuwa anapigana na Mwingereza, nikazaa mtoto wangu wa kwanza. Siku ya tano akapata joto.

Homa ndogo. Nikamvua nguo, nikambakishia kitambaa kimoja. Nikamnyonyesha, nikamfuta. Nikamtuma mume wangu mbio misheni akamwite sista. Ilikuwa alasiri, jua bado lipo. Kisha jua likafifia, ukungu ukashuka mpaka upenuni. Na harufu ile...

"Hodi, Mosi."

Nikamkumbatia mwanangu.

"Mosi, mdogo wangu... nipe moto. Kaa moja tu. Mtoto ana baridi."

Ilikuwa sauti ya dada yangu, ile iliyonibembeleza mimi mwenyewe nikiwa mdogo. Haikuwa na hasira. Iliomba kama mtu anavyoomba kwao. Mlango wetu ulikuwa wa matete tu, niliona kivuli chake kinapita kwenye nafasi. Nilijua fika ni nani aliyemtoa nje kutafuta moto. Kama kuna mtu duniani aliyestahili kupokea kaa kutoka mkononi mwangu, ni Regina.

Sikumpa.

Sikumwitikia hata kwa jina lake. Nilikaa kati ya mlango na jiko, titi kinywani mwa mtoto, machozi yananidondokea kifuani. Akaomba mara tatu. Kisha nikasikia anambembeleza mwanawe taratibu, anamwambia avumilie, watajaribu nyumba nyingine. Sauti ikapanda mlimani ikapotea.

Sista alipofika joto la mtoto lilikuwa limeshuka. Mlangoni alijikwaa kitu, akakiokota, akauliza ni cha nani. Kigae cha chungu kilichomeguka pembeni. Kimeoshwa, kikang'aa. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, mnajua. Ndani yake mlikuwa na uzi mweusi wenye ushanga mmoja, ule ambao Regina alimfunga mwanawe mkononi siku ya kwanza.

Mtoto wangu yule ndiye baba yenu Alois, huyo anayekoroma chumbani. Ninampenda kuliko macho yangu. Lakini kila nikimtazama nasikia ile hodi. Dada yangu alinisamehe aliponirudishia kigae? Au alitaka nikijaze tena? Sijui. Nimelala juu ya swali hilo miaka yote hii.

Sasa wewe Veronika, acha kucheka na wenzako. Umezaa juzi, kitovu cha mtoto hakijaanguka, na asubuhi nimemgusa ana joto kidogo. Usimfungefunge nguo. Mnyonyeshe. Kesho mapema wewe na mama yako mmpeleke hospitali. Na viberiti vipo kila duka, kwa hiyo mwanamke atakayepiga hodi hapa kuomba moto, zama hizi, mwache aombe. Usifungue.

Lakini akimtaja Mosi, uje uniite. Kigae kiko uvunguni mwa kitanda changu. Safari hii nitatoka nacho mwenyewe.