Senene wa Kuokota

Uvumi ulimganda Domitila tangu Jumapili: kule Kanyigo senene, wale panzi wa kuliwa, hawakamatwi tena, wanaokotwa. Eti wanapanda ukutani, wanashika, wanatulia vichwa juu. Senene gani huyo asiyeruka?

Juu ya migomba ya Bukoba Mpya popo-chuma walikuwa kazini. Hizo ni mashine ndogo zenye mbawa, humwaga unga wa ukungu uliolelewa maabara ili uue fukusi, yule mdudu anayetoboa migomba. Ukungu humwingia kwenye ngozi, humla kwa ndani, kisha huchipua mweupe mgongoni. Na migomba ilipona kweli, hilo hakuna aliyelikana.

Asubuhi moja mlingoti wa mtaa wenye kipaza sauti ukasema kwa sauti yake ya upole, "Leo kuna ukungu. Msitoke nje."

Koletha, jirani wa Domitila, akacheka. "Mlingoti huu umezaliwa wapi, waitu? Senene huja na nini kama si ukungu? Kemilembe, chukua ndoo, mwanangu."

Domitila alitaka kumzuia Kemilembe, binti yake. Akaona haya, asije akaitwa mama mwoga. Akamwacha aende.

Kemilembe alirudi na ndoo imejaa. "Mama, hawakimbii. Ukiwapuliza tu wanadondoka."

Kope zake zilikuwa nyeupe.

Kikohozi cha Kemilembe kilipoanza, alikuja Rwegoshora, mhandisi wa popo-chuma, amefunika pua na mdomo.

"Mama, sisi tulipima ukungu mmoja, mpole, wa fukusi tu. Lakini ukungu nao unazaa, na watoto hawafanani. Mmoja umewapenda senene. Ndiyo maana tukatangaza msitoke."

"Mlitangaza ukungu. Sisi tukajua ni ule wa mvua." Domitila akamtazama. "Na mwanangu?"

"Ukungu wa wadudu hauwezi joto la mtu."

"Ule mliopima, au huu uliozaliwa?"

Rwegoshora akainama, akafunga mkoba wake.

Sasa Kemilembe analala amekaa, kiganja ukutani, kichwa juu. Daktari anasema ni kutafuta pumzi tu. Domitila anamtazama.

Basi, wenye watoto:

Mlingoti ukisema ukungu, msitoke kabla hamjauliza ni upi.
Msiokote senene asiyeruka.
Msipulize kitu cheupe.
Msianike nguo popo-chuma wanapopita.
Na msione haya kumkatalia jirani.