Kona Nyeupe ya Ngazi ya Tatu

Vichujio kumi vya pampu za kunyonya hewa vilirudi vikinuka sigara. Nelva alivinusa kimoja kimoja, akakunja uso. Alivituma vikapime vumbi, si uvutaji wa wanaume.

Mwenyewe haingii. Kwenye mgodi ule wa bati, juu ya mji wa Oruro, mwanamke akivuka mlango mawe hukasirika. Ndivyo wasemavyo wanaume wasiojua hata kufua soksi zao. Kwa hiyo mdogo wake, Froilán, ndiye aliyeingia na pampu kumi azitundike mahali kumi alipomwekea alama. Nelva akapima vumbi lililonaswa, kisha kompyuta ikakisia kwingine kote kwa kutazama vipimo vya jirani. Ramani ikatoka nyekundu tupu kwa vumbi, isipokuwa kona moja ya ngazi ya tatu, nyeupe pe.

Daktari alishasema kifua cha Froilán hakibebi vumbi la mwaka mwingine. Nelva akaomba, wakamhamishia kona ile.

Lakini harufu ile haikumtoka Nelva puani. Siku ya nne akamvizia nduguye mlangoni, saa ya mapumziko, shavu limemvimba kwa majani ya koka.

"Wewe, pampu ulizitundika wapi?"

"Dada, usianze."

"Wapi?"

"Kitu kipya hakianzi kazi kabla Mjomba hajakishika. Nikampakatisha zote, nikamwashia sigara. Zamu ikaisha, nikazitoa."

Mjomba ni jini lenye mgodi. Wachimbaji wamemfinyanga kwa udongo, na pembe zake, na mdomo wazi.

"Zote kumi?"

"Ningemnyima? Ungekuja wewe kumwomba radhi?"

"Anakaa wapi huyo Mjomba wako?"

"Ngazi ya tatu. Palepale uliponihamishia."

Pampu kumi kwenye paja moja zingeleta kipimo kimoja. Vipimo hivi vilipishana, kama vimegawiwa kwa mkono, ramani ielekeze pale alipotaka Mjomba.

"Huingii tena, Froilán."

"Nachukua koti tu, unanichunga kama mama mkwe!" Akacheka, akapotelea ndani.

Nelva akangoja, akaita, akaita tena, na kila alipoita upepo wa shimoni ulimrudia usoni ukiwa na joto na unyevu na moshi wa sigara, unatoka, unarudi, unatoka, hadi akatambua kwamba ule si upepo.

"Dada!" Sauti ya Froilán, nyororo, haina mkwaruzo. "Sikohoi tena! Hata kupumua sipumui!"

Nyuma yake wachimbaji walivua kofia. Hakuna aliyemzuia alipovuka mlango.