Mawese Kwenye Kisu cha Kukunja

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya mitumbwi kufika, sisi wasichana wa mtaa wetu wa Baraka tulikaa ufukweni na mabeseni yetu tukisubiri samaki waitwao mikebuka. Na kila Jumamosi Arlette alitoa kisu chake cha kukunja, zawadi ya kaka yake anayechimba dhahabu Misisi. Alikisukuma kwa kidole gumba: taki! Kikafunguka. Taki! Kikafungwa. Wote walimtazama yeye. Mimi, Clarisse, nilitazama ziwa, lakini masikio yangu yalikuwa kwa Arlette. Nilimwonea wivu.

Mwezi ule nilitimiza miaka kumi na miwili. Mama alisema sasa naweza kukaa na akina mama wanaopasua samaki na kuwatia chumvi. Kila anayekaa pale huja na kisu chake, kwa hiyo tukaenda sokoni kuchagua.

Muuzaji, Baba Bonaventure, aliweka visu viwili mbele yetu. Cheusi kilikuwa kizito, kigumu kufungua, na kilikuwa na springi ya kuyashika makali yasirudi. Chekundu hakikuwa na springi hiyo, lakini kilicheza vizuri mkononi.

"Bamama ba samaki banachukuaka hii nyeusi," alisema.

"Mi nataka nyekundu," nikajibu. "Inalia muzuri."

Mama alinikazia macho. "Clarisse, unachagua kisu ya kazi ao ya kuonyesha bantu?"

"Ya kazi, mama." Nilidanganya bila kupepesa macho, naye akaninunulia chekundu.

Nyumbani nilikichezea mpaka kidole kikauma. Bado hakikuwa na kasi ya kile cha Arlette, na hilo lilinichoma roho. Nikaingia jikoni, nikachukua tone la mafuta ya mawese, nikalipaka pale makali yanapoungana na mpini. Nikaongeza la pili, kisha la tatu. Kisu kikawa kinafunguka kwa kutikiswa tu.

Jumamosi iliyofuata nilikitikisa mbele ya wenzangu. Taki! Safari hii walinizunguka mimi. Arlette alikirudisha chake mfukoni. Nilifurahi kumwona amenyong'onyea. Ndiyo, nilifurahi sana.

Mitumbwi ikafika. Nikakaa kati ya akina mama, nikashika mkebuka wangu wa kwanza, nikasukuma ncha ya kisu tumboni mwake. Ngozi ilikataa. Nikasukuma kwa nguvu zaidi. Kisu kikajikunja, makali yakaangukia kidole changu cha shahada.

Niliona damu ikichanganyika na magamba, ndipo nikapiga kelele. Wa kwanza kufika alikuwa Arlette. Alichana kitambaa chake cha kichwa, akanifunga kidole.

"Nini imekukata?" Mama aliuliza huku akikimbia.

"Mwiba ya samaki."

Arlette alikuwa amekiona kisu, lakini aliendelea tu kukaza kitambaa.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi aliuliza vilevile. "Sema kweli, mutoto. Kama ni chuma, kuko sindano ya pepopunda. Ukinificha, ni weye utagonjwa."

Nilitazama kitambaa cha Arlette chenye damu yangu, nikaona haya. Nikasema yote: kisu, mawese, na wivu wangu. Nilishonwa nyuzi nne, nikadungwa sindano.

Njiani kurudi nilimwuliza Arlette, aliyekuwa ametusindikiza, "Yako haiyakukata hata siku moja?"

Alicheka kwa aibu. "Hii? Haiyagusa samaki. Iko ya kuchezea tu. Samaki napasulaka na kisu ya mama, ile ya mupini ya muti."

Nikasimama katikati ya barabara. Miezi yote ile nilikuwa nakionea wivu kitu cha kuchezea!

Kwa wiki tatu sikuruhusiwa kugusa chumvi. Nilikaa na beseni tupu nikiwatazama wengine wakifanya kazi. Kidole kilipopona, Mama alinirudisha kwa Baba Bonaventure. Muuzaji akaweka mbele yangu kisu cheusi na kingine chekundu kinachong'aa, kisha Mama akasema:

"Mutoto wangu, kisu yenye kufunguka ovyo, inafungaka pia ovyo. Siku ile ulichagua na macho ya Arlette, lakini mukono yenye ilikatwa ni yako. Sasa chagua na mukono yako."

Nikaunyoosha mkono wenye kovu, nikachukua cheusi.