Sukari Isiyo Kwenye Kikombe

Kila asubuhi fundi cherehani alifungua dirisha la chumba cha mbele, akafuta mashine yake, akatia uzi kwenye sindano. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na uzi aliutia bila miwani. Wateja walimtania kwamba ameazima macho ya msichana. Yeye alicheka nao, lakini moyoni alikuwa na lake. Dada yake mkubwa naye alikuwa fundi wa nguo, mpaka kisukari kilipomchukulia macho.

Kwa hiyo siku alipopimwa kwenye zahanati ya mtaa, akaambiwa sukari yake imepanda kidogo, hakulisikia lile neno "kidogo". Alipewa karatasi yenye namba 6.2. Aliambiwa apunguze sukari, afanye mazoezi, arudi baada ya miezi mitatu. Foleni ilikuwa ndefu, na mpimaji alikuwa na haraka. Fundi hakuuliza kitu. Alirudi nyumbani roho ikiwa juu.

Mumewe alikuwa dereva mstaafu. Tangu aache usukani alijipa cheo cha waziri wa jiko, na kusema kweli wizara yake aliiongoza vizuri. Aliisoma ile karatasi. Alilichukua kopo la sukari, akampelekea jirani, akarudi mikono mitupu.

"Kuanzia leo humu ndani hakuna sukari," alisema. "Wewe hunywi, na mimi sinywi."

"Wewe nani kakwambia unaumwa?"

"Hakuna. Lakini siwezi kukoroga chai yangu huku unaimezea mate."

Mzee huyo alikuwa mtu wa vijiko vinne kwa kikombe. Siku ya kwanza alikunja uso mpaka macho yakapotea, lakini hakulalamika. Kilichomsumbua ni kumwonea mkewe huruma, na huruma yake ilipitia kwenye sahani. Mke amenyimwa utamu, basi angalau ashibe. Asubuhi alimkatia vipande vinne vya mkate mweupe badala ya viwili. Mchana alimpakulia wali ukawa kilima, na viazi pembeni. Saa kumi alimletea pale pale kwenye mashine glasi kubwa ya juisi ya machungwa. Aliikamua mwenyewe, na hakutia hata punje ya sukari. Fundi akisema ameshiba, mzee alimwongezea kijiko kimoja. "Hiki ni changu mimi," alimwambia. Fundi alikila. Nani anakataa kupendwa?

Miezi mitatu ikapita. Walirudi zahanati pamoja, wamependeza kama waendao harusini. Namba ilikuwa 6.7.

Fundi aliisogeza karatasi mbali na uso, kama anavyotazama pindo la gauni kuona kama limenyooka. Namba haikubadilika.

"Miezi mitatu ya chai chungu," alisema polepole. "Sasa nitashona mpaka lini?"

Mumewe aliichukua karatasi, akaisoma upya.

Mpimaji wa siku hiyo alikuwa mama mmoja mtu mzima. Mtaa mzima ulimwita Mama Tone, kwa sababu hakuna aliyepita mbele yake bila kuacha tone la damu. Alifunga mlango, akavuta kiti, akaomba waeleze wanachokula tangu asubuhi mpaka jioni. Mzee ndiye aliyejibu, tena kwa fahari. Alianza na kopo lililogawiwa, akaja kwenye mkate, wali, viazi na juisi. Mama Tone aliandika kila kitu. Hakukemea hata mara moja.

"Baba, hapa kuna sukari nyingi," alisema mwishowe.

"Sukari ipi? Kopo nimeligawa."

"Ya kwenye kopo mmeiacha, na mmefanya vizuri. Lakini mimi napima sukari ya damu. Mkate mweupe, wali na viazi, vyote vikifika tumboni hugeuka sukari, ikaingia kwenye damu. Na hiyo juisi ni machungwa manne ndani ya glasi moja, nyama zake mmezitupa. Neno ni moja, vitu ni viwili. Kosa si lenu. Sisi tulisema 'sukari' tukadhani tumemaliza."

Mzee aliinamisha kichwa, akavitazama viatu vyake. Fundi alijua anavikumbuka vile vijiko vya nyongeza, kimoja kimoja. Alimwekea mkono gotini.

Kisha Mama Tone akawaeleza namba. Kipimo hiki hufanywa asubuhi, mtu akiwa amekaa muda wa saa nane au zaidi bila kula wala kunywa chochote isipokuwa maji. Namba ikiwa chini ya 6.1, zahanati yao huihesabu kuwa ya kawaida, ingawa kuna madaktari wanaoanza kutahadharisha tangu 5.6. Kuanzia 6.1 mpaka 6.9 ni hatua ya kabla ya kisukari. Ikifika 7 au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, hicho ndicho kisukari chenyewe, na daktari huanza matibabu.

Fundi akamkumbuka mwanamke mmoja kwenye foleni aliyesema namba yake ni 112. Aliuliza mtu huyo anatembeaje.

"Tepu yako ina pande mbili, sivyo?" Mama Tone alisema. "Upande huu sentimita, upande huu inchi. Na damu ndivyo hivyo. Yeye kapimwa kwa upande wa pili. Mia na kumi na mbili yake ni sawa na 6.2 yako ya kwanza. Usilinganishe namba kabla hujajua ni za upande gani."

"Kwa hiyo mimi bado sijawa na kisukari?"

"Bado. Mshono umeanza kuachia, haujafumuka. Wewe mshono wa hivyo unaufanyaje?"

"Naukaza mapema."

"Basi, tuukaze."

Alichora duara kwenye karatasi, akaonyesha namna ya kuigawa sahani. Nusu nzima ni mboga. Robo ni maharagwe, samaki, yai au nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya wali au viazi. Tunda liliwe zima, lisikamuliwe. Na watembee nusu saa, siku tano kwa wiki. Kushinda na njaa si dawa.

Walipofika nyumbani, mzee aliweka sahani juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaomba chaki ya fundi. Alipiga mstari katikati, kisha nusu moja akaigawa tena.

"Huku mboga. Huku maharagwe. Wali wako mwisho ni hapa. Ukivuka mpaka, naita polisi."

Fundi akamwambia aioshe, chaki si chumvi. Akaiosha, na baada ya wiki moja jicho lake lilizoea kugawa bila mstari.

Haikuwa rahisi. Siku za mwanzo fundi aliutamani mkate mpaka akaota anautafuna. Siku moja alipeleka nguo kwenye sherehe ya mteja, akala vipande viwili vya keki, akarudi nyumbani kinyonge. Mzee alimwambia keki imeshaliwa, kesho wanaendelea. Kila jioni kabla jua halijazama walitembea mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Mzee alinung'unika kwamba kwa miaka thelathini miguu yake ilikuwa ya kukanyaga breki tu. Alinung'unika huku anatembea.

Miezi mitatu mingine ikaisha. Gauni la fundi lilikuwa limelegea kiunoni, ameshalipunguza mara mbili. Mama Tone alimchoma kidole, akasubiri, akaisoma namba kwa sauti: 5.5.

Alimkumbusha kwamba hiyo si ruhusa ya kurudia kilima cha wali. Aendelee vivyo hivyo, na kila mwaka aje apimwe.

"Na macho yangu?" fundi aliuliza.

"Macho yako yana kazi nyingi ya kufanya. Nenda ukashone."

Fundi alimshukuru. Akamgeukia mumewe. Mzee alikuwa anakunja mkono wa shati.

"Na mimi," alimwambia Mama Tone.

"Baba, hupimwi kama umeshakula."

"Sijala. Tangu jana saa moja jioni. Ulitaka akae na njaa peke yake?"

Alinyoosha kidole, akafumba macho kwa nguvu kabla hata sindano haijafunguliwa. Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akaushika ule mkono wake mwingine, na hakuuachia.