Shemeji Alitusemea, Tukaishia Kwenye Theluji

Nina miaka thelathini na tisa, mjane, mama wa watoto wawili. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Leo naishi Buffalo, lakini nyumba yangu ilivunjikia Whitehall, Ohio... na aliyeivunja ni ndugu!

Kwenye apatimenti za kupanga huko Whitehall tulikaa Warundi na Walatino, yaani wahamiaji wa Amerika ya Kilatini. Hita mbovu, dari zinavuja, mwenye nyumba hajali. Jirani yangu Teresa, mama wa Honduras, aligonga kila mlango. Twendeni wote kwenye kikao cha jiji, alisema, tudai wakaguzi wa nyumba kabla ya baridi. Hata asiye raia anaruhusiwa kusema! Binti yangu Neema ndiye aliyenitafsiria.

Lakini sisi watu wa kambi tuna desturi yetu. Mwakilishi mmoja husema, wengine hunyamaza. Basi tukamtuma Shemeji Onesimo, mdogo wa marehemu mume wangu. Nani angemshuku shemeji yake?

Walatino walikwenda na watoto wao. Sisi tulibaki nyumbani. Teresa alirudi na hasira, Neema akanitafsiria... Onesimo alikuwa amesimama na kusema Waafrika hawana shida yoyote, ni Walatino tu wanaopenda ugomvi! Malalamiko yakatupwa.

Nilimfuata Onesimo. Akanijibu bila haya, "Shemeji, siasa ndiyo iliyowaua baba zetu. Nyamaza, ulee watoto."

Mnafiki! Haukupita muda akahamia Westerville, mji wa jirani, kwenye nyumba nzuri ya mwenye nyumba yule yule. Kikulacho ki nguoni mwako.

Baridi ilipokaza mabomba yakapasuka, dari ikatuangukia. Jiji likasema jengo si salama, likatutoa sote nje, kwenye theluji. Dada yangu wa Louisville, jimbo jingine, alikuwa na nafasi ya mtoto mmoja tu, akamchukua Neema. Mimi na mdogo wake tukapokewa na rafiki huku Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey. Neema hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, kwa nini hukwenda mwenyewe?"



Onesimo nimemsamehe? Hapana! Na mchungaji wa kanisa letu asinisumbue na mahubiri ya msamaha.

Siku hizi kila kikao cha mtaa nakwenda. Kiingereza kinachechemea, lakini nasema. Ndugu wasomaji, nawasihi, msimkabidhi mtu midomo yenu, hata awe wa damu! Nendeni wenyewe. Mkipata uraia, pigeni kura.

Nampigia Teresa nimwombe radhi kwa kubaki nyumbani siku ile... Simu inaita tu, hapokei.